UZI: Kuna njia ngapi za kukwepa swali? Waulize Wahispania

Tukitazama mdahalo huwa tunasema tu "amekwepa swali," halafu tunasonga. Lakini kukwepa kuna aina nyingi. Najifunza Kihispania kando ya masomo yangu ya siasa, na hao watu wana jina la karibu kila aina.

Chukua swali moja: "Mbona kaunti haijawalipa wenye walileta dawa hospitalini?"

"Echar balones fuera" ni kutoa mipira nje. Beki amelemewa, anabutua popote apate kupumua. Mgombea anakuambia swali ni zuri sana, lakini uliza serikali kuu.

"Irse por los cerros de Úbeda," kupotelea vilima vya Úbeda. Huo ni mji wa Andalusia, kusini mwa Uhispania. Simulizi lao linasema shujaa mmoja alifika vita vimeisha, akajitetea ati alipotea vilimani. Wetu ukimuuliza dawa anaanza vile alienda shule bila viatu. Unamhurumia, na bili bado iko pale.

"Marear la perdiz" ni kumtia kwale kizunguzungu. Kamati, ripoti, takwimu, mpaka dakika ziishe.

Sasa yenye mimi naogopa zaidi: "y tú más," yaani "na wewe zaidi." Uhispania utaisikia sana vyama vikirushiana kashfa za ufisadi. Angalia vizuri: mtu akisema "nyinyi mliiba zaidi," hajakana kitu! Lakini mashabiki wanapiga makofi, mjadala unageuka kuwa nani mwizi mkubwa, na mwenye aliuza dawa kwa mkopo anaendelea kusumbuliwa na benki. Hapo mwulize tu: "Sawa, tuseme wao waliiba. Na wewe?"

(Meksiko nao wana "cantinflear," kuongea mengi bila kusema kitu, kutoka kwa mchekeshaji Cantinflas. Fikiria jina lako ligeuke kitenzi hivyo.)

Halafu kuna "no tener pelos en la lengua," kutokuwa na nywele kwa ulimi. Ni mtu wa kusema bila kuogopa. Sisi hapa tunampenda sana huyo, tunamwita mkweli. Lakini mtu anaweza kutusi wapinzani saa nzima bila kupepesa macho, na bado asikuambie bili ni pesa ngapi na italipwa lini.

Uzi ujao: "tutaunda jopokazi."