Kabla ya Kumwita Maalim kutoka Nje

Kibla ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani ina maandishi ya Kufi yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Wataalamu wameyafananisha na nakshi za Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Iwe fundi alikuja na jahazi au alikuwa mwenyeji, ujuzi ule ulivuka bahari. Miaka mingi baadaye Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, akawa kadhi hapa Unguja, na hapa akafia mwaka 1925. Kisiwa hiki kimesomeshwa na wageni tangu kale.

Leo kamati ya msikiti ikitaka kumleta maalim wa tajwidi kutoka Yemen au Ngazija, elimu yake peke yake haimfikishi chuoni. Huulizwa kwanza: nani anamwita? Kamati inaweza kuwa na waumini, chuo na mfuko wa sadaka, lakini bila cheti cha usajili haina mkono wa kutia saini. Jumuiya ya Kiislamu haisajiliwi na Mrajisi bila barua ya Mufti, ambaye ofisi yake iliwekwa na Sheria Namba 9 ya 2001. Za Kikristo huenda kwa Mrajisi moja kwa moja. Mhadhiri wa Kiislamu anayekuja kutoka nje naye hupitia idhini ya Mufti.

Kisha kuna vibali viwili, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Uhamiaji ni jambo la Muungano. Ajira si la Muungano. Kibali cha kazi hutolewa na Serikali ya Mapinduzi, chini ya Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji, na wamishenari huwekwa Daraja C. Sheria ya 2015 ya ajira za wageni ni ya Bara tu, kwa hiyo kibali chake hakimfai mtu kufundishia Kizimkazi.

“Lakini hatumlipi, tunampa chumba na chakula tu.” Nasikia hoja hii mara kwa mara, na inaniumiza kwa sababu husemwa kwa nia njema. Daraja C lina nafasi ya wanaojitolea pia: kukosa mshahara hakumwondolei mtu haja ya kibali. Viza ya matembezi ni ya kutembea.

Uingereza nako msikiti au kanisa halimwiti mtumishi bila leseni ya udhamini. Tangu Januari 2019, anayekwenda kuongoza ibada hawezi kutumia njia ya muda ya watumishi wa dini. Hupita njia ya viongozi wa dini, yenye sharti la Kiingereza. Imamu wa Unguja anayealikwa huko aulize leseni ya wenyeji wake kabla ya kukata tiketi.

Maalim anayeitwa Kizimkazi naye ana haki ya kuuliza hivyo hivyo: jumuiya yenu ina cheti, na nikiugua, nani atalipa hospitali?