Barua-pepe yawa mtaji mkubwa wa kampeni Marekani

BARUA-PEPE moja iliyotumwa mwishoni mwa Juni 2012 na kampeni ya Rais Barack Obama wa Marekani iliingiza dola 2,673,278. Haikuwa na mapambo. Kichwa chake kiliwaambia wafuasi kwamba Rais angezidiwa kwa matumizi ya fedha na mpinzani wake, na ndani yake iliomba michango midogo midogo.

Kwa mfanyabiashara, kinachovutia zaidi ni fedha ambazo zingekosekana. Kabla ya kuituma kwa mamilioni ya watu, wataalamu wa kampeni walijaribu matoleo zaidi ya 10 ya barua hiyo kwa sehemu ndogo ya orodha yao. Kwa makisio yao, toleo lililofanya vibaya kuliko yote lingeingiza dola 403,603 tu. Tofauti ni zaidi ya dola milioni 2.2, ingawa wafuasi ni wale wale, na gharama ya kutuma ni ile ile. Wanunuzi wa chai huonja sampuli kabla ya mnada. Kampeni hii ilionja barua.

Biashara ya kuomba michango kwa barua ni ya zamani kuliko kompyuta. Baada ya Barry Goldwater kushindwa uchaguzi wa 1964, Richard Viguerie alinakili kwa mkono majina ya waliomchangia, takriban 12,500, kutoka katika kumbukumbu za Bunge, na kwa orodha hiyo akaanzisha kampuni ya kutuma barua za posta. Lakini barua ya posta ina karatasi, uchapaji, bahasha na stempu. Aliyewaandikia watu wasiomjua aliweza kula hasara mzunguko wa kwanza, akitegemea kurudisha mtaji wake kwa wale wachache watakaochangia tena na tena.

Barua-pepe ilibadilisha hesabu hiyo. Kutuma barua ya milioni moja na moja hakuna gharama ya maana juu ya ile ya milioni moja. Mwaka 2000, Seneta John McCain alipata zaidi ya dola milioni 1 kupitia intaneti katika siku chache baada ya kushinda uchaguzi wa awali wa New Hampshire. Howard Dean, gavana wa zamani wa Vermont, alikusanya dola milioni 7.6 katika robo ya pili ya 2003, nyingi zikiwa za watu wa kawaida, akawapita wagombea wenzake waliokuwa wakijulikana zaidi. Kufikia 2008, orodha ya Obama ilikuwa na anwani zipatazo milioni 13, na kampeni yake iliingiza karibu dola milioni 500 kwa njia ya intaneti. Mwaka 2012 kiasi hicho kilifikia karibu dola milioni 690, sehemu kubwa ikitokana na barua-pepe.

Je, anwani moja ina thamani gani? Desemba 2007 kampeni ya Obama ilijaribu namna 24 za ukurasa wake wa kukaribisha wageni kwenye intaneti, kwa kuwagawa watembeleaji wapatao 310,000. Ukurasa wa awali ulikuwa na picha ya mgombea na kitufe kilichomtaka mgeni ajisajili. Kati ya kila wageni 100, kama 8 waliacha anwani zao. Ilipowekwa picha ya familia yake, na kitufe kinachomwalika mgeni afahamu zaidi, walifikia karibu 12. Wahusika walikadiria kwamba badiliko hilo liliwaletea anwani milioni 2.88 za ziada, na kwa kuwa kila anwani ilileta wastani wa dola 21, faida ilikuwa kama dola milioni 60. Hesabu hiyo ni ya wenyewe. Inachukulia kwamba mtu aliyevutwa na kitufe hutoa sawa na mfuasi aliyekuja kwa hiari yake, jambo ambalo mwenye duka makini angelitilia shaka. Hata ikikatwa nusu, ni faida kubwa kwa picha na maneno mawili.

Sababu ya kuwafuata watu wa dola 20 badala ya matajiri iko pia katika sheria. Mwaka 2012 mtu mmoja hakuruhusiwa kumpa mgombea wa ngazi ya taifa zaidi ya dola 2,500 kwa kila uchaguzi, wa awali na ule mkuu ukihesabiwa mbalimbali. Kufikia 2024 kikomo kilikuwa dola 3,300. Tajiri akifika kikomo, amekwisha kwa mgombea huyo. Mwenye kutoa dola 20 anaweza kurudiwa kila mwezi kwa miaka bila kugusa dari.

Ndiyo maana barua hizo huandikwa kana kwamba mwandishi na msomaji wamesoma darasa moja. Moja ya vichwa vilivyoleta fedha nyingi 2012 ilikuwa salamu ya mtaani tu, “Hey”, kutoka kwa Rais wa nchi! Hakuna cheo wala Mheshimiwa. Halafu kuna haraka. Kampeni nyingi hutoa taarifa za fedha kila robo mwaka, hivyo Machi 31, Juni 30 na Septemba 30 zikikaribia, barua huongezeka na kila moja hudai kuwa saa zinakwisha. Nyingine huahidi kwamba mchango utazidishwa mara kadhaa na mfadhili asiyetajwa. Hapo msomaji anapaswa kupiga hesabu. Kikomo cha sheria kinamhusu mfadhili naye, kwa hiyo hawezi kuwa mtu mmoja anayezidisha michango ya maelfu ya watu kumpa mgombea huyo huyo.

Fedha zenyewe hupita kwa mawakala. Wagombea wengi wa Democratic hutumia ActBlue, iliyoanzishwa 2004, na wa Republican hutumia WinRed, iliyoanza 2019. Ada ya ActBlue ni asilimia 3.95, yaani karibu senti 99 kwa mchango wa dola 25. Mawakala huhifadhi namba ya kadi ya benki, na mfuasi hutoa tena kwa kubonyeza mara moja.

Urahisi huo ndio uliozaa kesi mbaya kuliko zote. Katika kampeni ya 2020 ya Rais Donald Trump, ukurasa wa kuchangia ulikuwa na kisanduku ambacho tayari kilikuwa kimetiwa alama, kikiidhinisha mchango urudiwe kila mwezi, na baadaye kila wiki. Asiyekiona na kukiondoa alikatwa tena na tena. Uchunguzi wa gazeti la New York Times uliotolewa Aprili 2021 ulionyesha kwamba kampeni hiyo na chama chake zilirejesha kama dola milioni 122, sawa na asilimia 10.7 ya zilizopita WinRed mwaka 2020. Upande wa Joe Biden, kupitia ActBlue, ulirejesha asilimia 2.2. Baadhi ya waliokatwa walikuwa wazee na wastaafu waliogundua wakiwa na salio tupu. Kwa lugha ya benki, kampeni ilikopa bila riba wakati ilipohitaji fedha zaidi, ikalipa baadaye. Mei 2021 Tume ya Uchaguzi ya Marekani ililishauri Bunge, kwa kauli moja, lipige marufuku visanduku hivyo.

Sheria ya 2003 inayodhibiti barua-pepe za matangazo nchini humo haizigusi za kisiasa, kwa kuwa inahusu za kibiashara. Kinachowabana watumaji ni orodha yenyewe. Wanaochoka huacha kufungua, wengine huzilalamikia, na kampuni za barua-pepe huanza kuzitupa barua za mtumaji huyo kwenye kapu la taka, hata kwa wale ambao bado wanampenda.

Kwa wasomaji walio ughaibuni, raia wa kigeni asiye na ukaazi wa kudumu Marekani haruhusiwi kuchangia mgombea yeyote huko, hata kama barua imemfikia kwa jina lake. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Taarifa za robo mwaka za wagombea wa Bunge hupaswa kufika kwa Tume ifikapo Aprili 15, Julai 15, Oktoba 15 na Januari 31, na yeyote anaweza kuzisoma bure. Mstari wa kwanza wa kuangaliwa ni wa fedha zilizorejeshwa kwa wachangiaji.