Umepona Kifua Kikuu? Rudi Kwaya



Karibu kila kwaya ya parokia au ya kigango ina mtu aliyekuwa akiimba, akaacha, na hajarudi. Mmoja aliolewa mbali. Mwingine alikwenda kutafuta kazi, kama wafanyavyo vijana wengi wa Kibondo na Kasulu, akakaa miaka kwenye mashamba ya tumbaku ya Tabora au kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Hao wakirudi tunawapokea kwa shangwe, na Jumapili ya pili tayari wamevaa sare.

Lakini yupo wa tatu, ambaye aliacha kwa sababu ya kuugua kifua kikuu, yaani TB. Amemeza dawa zote, amepimwa, ameambiwa kuwa amepona. Misa anakuja kila Jumapili, ila anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Akikutana na wenzake wa zamani njiani wanamwuliza, "Mwakeye, dada! Utarudi lini?" Naye hujibu, "Nitakuja tu." Miezi inapita, hakuna anayemfuata, wala yeye haji.

Safari hii ukurasa wetu wa afya unamhusu huyo, na unawahusu pia waliobaki kwenye kwaya. Dawa huua vijidudu vilivyomo mapafuni. Lakini mtu aliyezoea kuimba na wenzake, akakaa pembeni mwaka mzima, bado amebaki na jeraha ambalo vidonge haviliponyi.

Kwa nini harudi?

Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni hofu. Anaogopa kwamba ataambukiza wengine, au kwamba wengine watamwogopa. Wapo pia wanaonong'ona kuwa kila mwenye TB ana Ukimwi. Si kweli. Virusi vya Ukimwi hupunguza kinga ya mwili na kuipa TB nafasi, na ndiyo maana kila mgonjwa wa TB hushauriwa kupima. Lakini wengi huugua TB bila kuwa na virusi hivyo.

Ya pili ni pumzi. Anajaribu kuimba nyumbani akichota maji au akipalilia maharage, anaona ubeti haumaliziki. Anasema moyoni, "Sauti yangu imekwisha."

Ya tatu ni haya. Nyimbo mpya zimeingia, mwalimu wa kwaya amebadilika, nafasi yake kwenye sauti ya pili imechukuliwa na msichana ambaye yeye alimwacha akiwa bado Utoto Mtakatifu. Anajiona mgeni nyumbani kwake.

Tuzichukue moja moja.

Ukweli kuhusu kuambukiza

Kifua kikuu huletwa na bakteria ambaye daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza kumgundua tarehe 24 Machi 1882. Hauletwi na uchawi, wala si laana ya ukoo. Mgonjwa wa TB ya mapafu ambaye hajaanza dawa hutoa vijidudu hewani anapokohoa, kupiga chafya, kuongea kwa nguvu, na pia anapoimba. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Loudon na Roberts, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa kuimba hurusha hewani chembechembe ndogo karibu sawa na kukohoa, na nyingi zaidi kuliko kuongea kwa kawaida.

Tuliona jambo la namna hiyo tena wakati wa Korona. Tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 wa Mount Vernon, katika jimbo la Washington, Marekani, walifanya mazoezi ndani ya ukumbi kwa muda wa saa mbili na nusu. Kati yao 53 walihesabiwa kuwa wameugua, na 2 walifariki. Ugonjwa ule ni mwingine, lakini fundisho ni lile lile: ukumbi uliofungwa, watu waliobanana, pumzi nzito, na mgonjwa mmoja ambaye hajajulikana.

Hapa mtu anaweza kusema, "Kumbe tulikuwa na haki ya kumwogopa!" La hasha. Tazameni vizuri. Mtu wa kuhofiwa ni yule ambaye hajajulikana, yule anayekohoa wiki ya nne huku akisema ni vumbi la kiangazi. Aliyemaliza dawa na kupimwa makohozi mara kadhaa pengine ndiye mtu pekee katika ukumbi mzima ambaye tuna uhakika kuwa kifua chake kimechunguzwa. Kumtenga yeye na kukaa bega kwa bega na yule mwenye kikohozi cha mwezi mzima ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Tena, TB haiambukizwi kwa kushikana mikono, kuazimana sare ya kwaya, kutumia kitabu kimoja cha nyimbo, wala kunywa uji kwa kikombe kimoja. Njia yake ni hewa.

Arudi lini?

Kwa mgonjwa wa TB ya kawaida, matibabu huchukua miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa za aina nne, kisha miezi 4 dawa za aina mbili. Uwezo wa kuambukiza hupungua upesi, na baada ya wiki 2 hivi za kumeza dawa barabara, kwa kawaida huwa mdogo sana. Hata hivyo kuimba ndani ya ukumbi ni kazi ya pumzi nyingi, kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Katika miezi 2 ya kwanza, apumzike na apate nguvu. Aje Misa baada ya mhudumu wa afya kumruhusu, lakini asiimbe na kwaya.

2. Mwisho wa mwezi wa 2 makohozi hupimwa tena. Yakiwa safi, amwulize mhudumu kama anaweza kuhudhuria mazoezi, na kama anajisikia ana nguvu.

3. Hata akirudi mazoezini, asiache dawa hata siku moja mpaka zimalizike na makohozi ya mwisho yapimwe. Kujisikia vizuri si kupona. Wengi huacha mwezi wa 3 kwa sababu wamenenepa, na ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi.

4. Mwenye TB sugu, yaani ile isiyosikia dawa za kawaida, afuate neno la daktari wake peke yake, kwa sababu taratibu zake ni tofauti.

Pumzi na sauti

TB inaweza kuacha makovu mapafuni hata baada ya vijidudu vyote kufa. Ndiyo maana aliyepona anaweza kuhema akipanda vilima vyetu, au kukatika pumzi katikati ya ubeti. Hii haina maana kuwa ugonjwa umerudi, wala kuwa pumzi imekwisha. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watu waliopona TB lakini wakabaki na shida ya pumzi walifanyishwa mazoezi ya mwili kwa wiki 6. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kuwa waliweza kutembea vizuri zaidi kuliko walipoanza. Pumzi hufundishika kama mguu uliokaa bandeji.

Nyumbani, anza hivi, asubuhi na jioni, dakika 10 tu:

- Kaa wima kwenye kigoda, mabega yalegee. Vuta hewa kwa pua polepole mpaka tumbo lijae. Itoe kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepuliza moto wa kuni bila kutaka majivu yaruke.
- Baada ya wiki moja, toa hewa hiyo kwa kuvuma "mmm" kwa sauti ya chini, bila nguvu.
- Kisha imba mstari mmoja wa wimbo unaoujua sana. Ukikatika, pumua, endelea. Usishindane na mtu.
- Kila siku tembea kidogo kuliko unavyoweza, na kila wiki ongeza kidogo.

Ukihisi kizunguzungu, maumivu ya kifua, au ukikohoa damu, acha na uende kituo cha afya. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, isiachiwe asali na tangawizi peke yake, kwani TB huweza pia kushika koo.

Mwimbaji aangalie na mambo haya. Dawa ya ethambutoli, kwa watu wachache, hudhuru macho. Ukiona maandishi ya kitabu yanafifia au rangi nyekundu na kijani zinachanganyika, toa taarifa siku hiyo hiyo. Isoniazidi huweza kuleta ganzi na kuchomachoma vidoleni, jambo ambalo mpiga kinanda atalitambua mapema. Ipo vitamini ya kusaidia. Wazee waliowahi kuchomwa sindano nyingi za streptomaisini zamani huenda masikio yao yalipungukiwa na nguvu. Hao wasichekwe wakitoka nje ya sauti. Wawekwe karibu na kinanda. Na mkojo wa rangi ya machungwa usimtishe mtu, ni rangi ya rifampisini tu.

Kwaya ifanye nini?

Kupona ni kazi ya mgonjwa na hospitali, lakini kurudi ni kazi ya kwaya. Mambo matano yanatosha.

*Mfuateni.* Wawili waende nyumbani kwake, si kumi. Wasiende na hotuba. Waseme, "Dada, sauti ya pili imepwaya, tunakuhitaji Alhamisi." Mtu aliyekaa nje siku nyingi hawezi kubisha hodi kwa urahisi, mfungulieni kabla hajabisha.

*Fungueni madirisha.* Tunajua baridi ya Juni na Julai kwetu milimani. Vaeni sweta, lakini hewa ipite. Hali ya hewa ikiruhusu, fanyeni mazoezi nje chini ya mti.

*Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe,* yeyote awaye, hata mwenyekiti. Hasa kama ana homa za jioni, anatokwa na jasho usiku au anakonda. Mwenye virusi vya Ukimwi asingoje hizo wiki 2. Aliyerudi kutoka machimboni naye awe mwepesi kwenda, kwa maana vumbi la mawe hudhoofisha mapafu. Kupima na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali na vya mashirika ya dini vinavyotoa huduma hiyo. Anzeni na zahanati iliyo karibu.

*Mpeni nafasi ndogo kwanza.* Nyimbo mbili, si Misa nzima. Asimame mwisho wa mstari ili aweze kuketi bila kutazamwa. Kijana mmoja amnakilie nyimbo mpya.

*Msingoje amalize dawa ndipo mumkumbuke.* Nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na TB na ukoma mwaka 1977. Daktari Karel Styblo na wenzake Watanzania walionyesha hapa kwetu kwamba mgonjwa akimeza dawa huku mtu mwingine akimwangalia na kumtia moyo, hupona. Njia hiyo baadaye ilienezwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi. Siku hizi mgonjwa huweza kuchagua mwangalizi wa nyumbani. Je, kwa nini asiwe mwanakwaya mwenzake anayeishi jirani? Akipita kila asubuhi, ataona dawa zimemezwa, na ataacha na habari za kwaya.

Maswali tunayoulizwa

*Nikirudi baada ya miaka mitatu, si nitakuwa mgeni?* Kwa wiki chache, ndiyo. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwaka 2015 walilinganisha watu waliojifunza kuimba na waliojifunza kazi za mikono au uandishi. Mwishoni wote walipatana, lakini waimbaji walizoeana upesi zaidi. Ukiimba na watu, hamhitaji maneno mengi.

*Mume wangu anasema kwaya ni kupoteza muda, nipumzike tu.* Mapumziko ni dawa mwanzoni. Yakizidi huwa upweke, na upweke nao ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2025, lilikadiria kuwa upweke unahusika na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka duniani. Baba, mruhusu mama aende. Na ikiwezekana msindikize.

*Nimerudi, na sasa nakohoa tena. Niache?* Jitenge na mazoezi, nenda kapime upya. Huenda ni mafua, huenda ni makovu, huenda TB imerudi. Kupima kutakuambia. Ukiambiwa ni mafua, rudi yakiisha. Usirudi benchi la nyuma.

Tarehe 22 Novemba kila mwaka kwaya zetu hukumbuka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji. Kabla ya sikukuu hiyo, viongozi wa kwaya wachukue daftari la mahudhurio la miaka mitatu iliyopita na kusoma majina yote kwa sauti. Kwa kila jina lisiloitika, waulize: huyu yuko wapi, na nani atakwenda kwake wiki hii?