Kuitathmini Hotuba ya Kisiasa: Mfano wa Mkutano wa Tabora, 1958

Katika madarasa ya ulumbi, mwanafunzi anayepewa hotuba ya kiongozi aitathmini huanza aghalabu na yale yanayosikika na kuonekana: sauti, ishara za mikono, na idadi ya tamathali. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini hayajibu swali la msingi. Hotuba ya kisiasa ni tendo linalokusudia kubadili uamuzi wa watu. Kwa hiyo haiwezi kupimwa kabla ya kujulikana ilisemwa kwa nani, katika hali gani, na iliwataka wasikilizaji wakubali jambo gani. Hotuba ya Julius Nyerere katika mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora, Januari 1958, inafaa kuwa kielelezo.

Hali ilikuwa ngumu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21, na zaidi ya hapo awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wameazimia kuususia uchaguzi huo, kwa kuwa uliwatweza Waafrika walio wengi. Nyerere alikusudia kuwashawishi washiriki.

Mahali penyewe pana maana kwa mtaalamu wa lugha. Tabora ilikuwa kitovu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa miongoni mwa waliokieneza Kiswahili bara kabla ya ukoloni. TANU iliirithi lugha hiyo, ikaifanya lugha ya mikutano yake. Wajumbe kutoka majimbo mbalimbali hawakuhitaji mkalimani. Hoja ilipimwa kwa lugha ile ile iliyotolewa.

Kipimo cha kwanza ni sifa ya msemaji. Nyerere alisoma Tabora tangu 1937 na akafundisha huko baada ya kutoka Makerere. Lakini lililompa nguvu zaidi ni kwamba mwezi mmoja tu kabla, Desemba 1957, alikuwa amejiuzulu katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kupinga mwendo wa serikali. Aliyekiacha kiti chake kwa hiari ni vigumu kushutumiwa kuwa anatetea uchaguzi kwa uchu wa kiti.

Kipimo cha pili ni hoja. Kususa hakungezuia uchaguzi. Viti vingechukuliwa na wagombea wa chama cha UTP, na hao ndio wangesema barazani kwa niaba ya nchi. Kinyume chake, TANU ingeweza kuwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, na hivyo sharti lililowekwa liwe pingu likageuka kuwa nyenzo.

Kipimo cha tatu ni tamathali. Mfano unaokumbukwa ni ule wa tope, nao husimuliwa kwa maneno yanayotofautiana: mtu analiona shamba lake ng'ambo ya tope, je, aliache shamba ili abaki safi, au akubali kuchafuka ili alipate? Uzuri wa mfano huu ni unyofu wake. Haudai kwamba kura tatu ni safi. Unawakubalia wapinzani hoja yao kubwa, kisha unalihamisha swali kutoka kwenye uchafu wa njia hadi kwenye thamani ya shamba. Hata hivyo mfano wenyewe nao hauna budi kuhojiwa. Unachukulia kwamba njia ni moja tu na kwamba shamba lipo kwa yakini. Mpinzani angeweza kujibu kwamba aingiaye topeni huweza kunasa. Mwanafunzi asiyeliona pengo hilo amevutiwa na hotuba, bado hajaitathmini.

Mkutano ulikubali kushiriki, na uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Si wote walioridhika: Zuberi Mtemvu alijitenga na kuunda African National Congress. Katika uchaguzi uliofanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kwa viti 30, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, wakiwemo Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kwa mtathmini. Kama ushindi ndio kipimo, kila mshindi ni mlumbi bora na kila aliyeshindwa ni msemaji duni. Somo lote la ulumbi halina kazi tena. Januari 1958 hakuna mjumbe aliyeyajua ya 1961. Hotuba ipimwe kwa yale yaliyoweza kujulikana siku ile: je, msemaji alieleza hali kwa ukweli, aliitendea haki hoja ya wapinzani, na aliwaachia wasikilizaji uwezo wa kuamua wenyewe? Kwa vipimo hivyo hotuba ya Tabora ingestahili kusifiwa hata kama uchaguzi ungeshindwa. Na ziko hotuba nyingi zilizoshangiliwa ambazo, kwa vipimo hivyo hivyo, hazistahili.