Kipupwe na vakansi: tutoke nje, tukae pamoja

Mvua zimeisha, matope yamekauka, na sasa asubuhi tunatoka nje tumejifunika kikwembe mpaka masikioni. Kipupwe kimeingia. Wenyeji wetu Watanzania wanakiita hivyo. Sisi tuliotoka Fizi na Uvira tumezoea kusema kiangazi tu, kiwe cha baridi kiwe cha joto, na jirani zetu Warundi wanasema ici. Majina ni matatu lakini baridi ni ile ile moja, inayopita chini ya mlango saa kumi za usiku.

Na kipupwe kinakuja pamoja na vakansi kubwa. Shule zetu hapa Nyarugusu zinafuata masomo ya nyumbani, ya Kongo kwa Wakongomani na ya Burundi kwa Warundi, kwa hiyo mwaka unaanza Septemba na kuisha karibu na mwanzo wa Julai. Watoto wanafunga shule siku zile zile ambazo wazee wanakumbuka sikukuu za uhuru: tarehe 30 Juni kwa Kongo, tangu 1960, na tarehe 1 Julai kwa Burundi, tangu 1962. Halafu wiki nyingi hakuna kengele, hakuna daftari, hakuna mwalimu wa kuwafokea.

Sisi walimu tunaona mambo mawili kila vakansi. Kuna nyumba ambazo mtoto akitaka kutoka asubuhi anaambiwa, "Kaa ndani, baridi itakuua." Na kuna nyumba ambazo mtoto anatoka alfajiri na kurudi usiku, na hakuna anayejua alikuwa wapi. Jioni, saa moja tu, kila mtu ameshaingia chini ya blanketi lake, mlango umefungwa. Kwa maoni yetu huu ndio msimu mzuri kuliko yote wa kukaa nje na watoto, na tunaupoteza bure.

Kwanza, baridi hii si ya kutisha. Mnajua kwa nini usiku unakuwa wa baridi hivi na mchana jua linawaka? Wakati wa mvua mawingu yanafunika kama blanketi, na joto la mchana linabaki huku chini. Sasa mbingu ni wazi, hakuna blanketi, na ardhi ikipoa usiku joto lake lote linapanda na kupotea. Ndiyo maana alfajiri ni mbaya zaidi kuliko saa tatu za usiku, na ndiyo maana jua likishapanda kidogo mambo yanabadilika haraka. Mtoto mchanga avikwe kofia na akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Wakubwa wavae nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, inashinda moja nzito. Midomo ikipasuka, mawese kidogo. Hayo yanatosha, twendeni nje.

Mchana kuna jambo moja tunalowaomba wazazi mlifanye na watoto wenu, na halina gharama hata kidogo. Chomekeni fimbo iliyonyooka mahali penye jua, iwe wima kabisa. Kila baada ya muda mtoto aweke kijiwe pale ncha ya kivuli inapofika. Mtaona kivuli kinafupika, kinafupika, halafu kinaanza kurefuka tena. Wengi watadhani kitakuwa kifupi zaidi saa sita mchana. Sivyo! Hapa kwetu ni karibu saa saba. Saa za Tanzania zinafuata jua la mashariki, kule ng'ambo ya pwani, na sisi tuko mbali sana magharibi. Wazee wa Uvira na Baraka mtakumbuka kwamba saa za kule ziko nyuma kwa saa moja, na kule jua la utosini na saa sita vinakwenda karibu pamoja. Na tazameni kivuli kinalala upande gani. Sasa hivi kinalala kusini, na urefu wake ni karibu nusu ya fimbo, kwa sababu jua limehamia kaskazini. Rudieni mwezi wa Desemba, kama mvua itaruhusu: kitalala kaskazini. Tumeona baba mmoja ambaye hakusoma hata darasa moja akibishana na mtoto wake wa darasa la tano juu ya kivuli, mpaka majirani wakaja kushuhudia. Tunataka mabishano mengi ya namna hiyo.

Upepo nao ni wa kutumia. Msimu huu upepo wa kusini mashariki unavuma kila siku, na tiara zinapaa vizuri kuliko mwezi wowote. Zamani watoto walitengeneza kwa mifuko ya plastiki, lakini Tanzania iliikataza tangu Juni 2019, basi sasa ni karatasi za daftari lililokwisha, vijiti vya mtete na uzi uliofumuliwa kwenye gunia. Uzi wa gunia unakatika ovyo, tunajua. Wababa, hapo ndipo mnapohitajika, maana kusokota uzi ni kazi inayotaka mikono mikubwa. Wasichana watacheza nzango, wadogo watajificha na kombolela, na jirani zetu Warundi wana ubao wao wa ikibuguzo, ambao mchezaji hodari anaweza kukaa nao tangu chai mpaka ugali bila kusikia anapoitwa.

Lakini tulichotaka hasa kukisema ni habari ya jioni.

Kuna bibi mmoja wa zoni yetu, mzaliwa wa Ubwari, ile rasi inayoingia ziwani upande wa Fizi. Jioni za vakansi anakaa nje na wajukuu wake, kamoto kadogo mbele, viazi vitamu vimefukiwa kwenye majivu. Siku moja tulipita kumsalimia, tukakuta amechora ziwa zima chini kwa majivu. Juu kabisa Uvira na Bujumbura, zinatazamana. Chini ya Uvira, Baraka. Hapa Ubwari, kama kidole. Ng'ambo, Kigoma. Chini sana, Kalemie, na mwisho kabisa Zambia. Watoto wamezunguka kama nyuki. Mmoja, umri wake labda miaka sita, akauliza: "Koko, maji mengi hivyo aliyachota nani?"

Tulicheka, lakini baadaye tulifikiri. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto wengi tunaowafundisha wamezaliwa hapa, na wapo ambao hata wazazi wao walikuja wakiwa mgongoni. Ziwa Tanganyika haliko mbali, ila kutoka kambini kunataka kibali, basi mtoto anaishi miaka kumi na minane karibu na ziwa la babu zake bila kuliona. Darasani tunamwambia kwamba lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina kinachofika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Anaandika, anafaulu, anasahau. Bibi yake anamwambia vile wavuvi walivyotoka usiku usio na mwezi, mitumbwi imebeba taa, na ndagala wakaufuata mwanga mpaka wavuni. Anamwambia kwamba msimu huu huu wa baridi upepo unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na kule kusini maji baridi ya chini yanapanda. Hayo hayasahau, kwa sababu bibi alikuwa na mwenyewe mtumbwini, akilowa.

Na wakati wa kuyasikia hauko mwingi. Tuseme wazi. Tangu mwaka 2017 misafara ya kurudi Burundi imeondoka mara nyingi, na baadhi ya viti vya darasani viliachwa wazi na watoto ambao hatukuwaaga. Upande wetu Wakongomani, ndugu wengi walikwenda Marekani, Kanada, Ulaya. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, na faili nyingi zikasimama pale zilipokuwa. Familia ya huyo bibi ni mojawapo. Binti mkubwa yuko kule na watoto wawili, mdogo wake amebaki hapa na wanne. Akipiga simu mwezi huu anashangaa kusikia sisi tunatetemeka, maana kwao sasa ni joto na jua linachelewa kuzama. Ikifika Desemba, mambo yanageuka: wao theluji, sisi mvua. Hakuna anayejua kipupwe kijacho nani atakuwa ameketi kwenye moto ule na nani atakuwa anasikika kwa simu tu.

Kuna jambo jingine la kawaida kabisa. Msalaba Mwekundu wanapotafuta ndugu waliopotezana, wanauliza jina la baba, jina la mama, kijiji, watu walioishi naye. Tumewauliza wanafunzi wetu wa darasa la sita jina la babu mzaa mama. Wengi walijua "Babu" tu. Jina la kilima, jina la mto, jina la chifu, hakuna. Si kosa lao. Mambo haya hayafundishwi ubaoni, yanasemwa jioni viazi vikiiva, na mtu mzima hawezi kuyasema akiwa amelala ameugeukia ukuta.

Basi tunashauri hivi: kaya tatu au nne ziwe na moto mmoja. Kuni ni shida, na hatutaki binti yeyote atumwe mbali porini kwa ajili ya hadithi. Kila nyumba ilete kipande kimoja, na mtu mmoja alete kitu cha kuchoma, muhogo au mahindi. Moto uwe mdogo, mbali na turubai na nyasi za paa, kwa sababu kila kitu sasa kimekauka na upepo hauna huruma. Pawepo ndoo ya mchanga karibu. Saa tatu moto uzimwe kabisa, wadogo walale.

Kabla ya kulala, inueni macho. Hakuna taa za mji hapa, na mbingu ya kipupwe ni safi. Tazameni kusini mtauona Msalaba, nyota nne, umeinamia kidogo kulia, na nyota mbili kali kushoto kwake zinaufuata. Juu zaidi upande wa mashariki yuko Nge, mkia umekunjwa, na tumboni ana nyota nyekundu. Wanaoamka kupiga foleni ya maji kabla ya jua watakiona Kilimia upande wa mashariki, kile kifungu kidogo cha nyota ambacho wakulima wa huku wamekifuata miaka mingi kuhesabu misimu. Na jioni, jua linapozama, wazee waoneshe watoto kwa kidole. Julai, kutoka hapa kambini, jua linatua kati ya Baraka na Uvira. Baraka yenyewe iko magharibi karibu moja kwa moja, kama kilomita 150 angani. Mtoto asimame pale na ajue.

Neno moja zito, tusamehewe. Baridi ikizidi, wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Msifanye hivyo hata usiku mmoja. Mkaa unaowaka unatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu anaipumua akiwa usingizini bila kujua. Kichwa kinauma, mwili unalegea, halafu haamki. Jiko libaki nje mpaka lizime, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Walaleni watoto wawili wawili, jiwe lililopashwa moto na kufungwa kitambaa liwekwe miguuni, hilo halidhuru mtu.

Na yale mnayoyasikia kwenye moto, yaandikwe. Kurasa zilizobaki nyuma ya daftari la mwaka huu zinatosha kwa majina ya mababu wanane na vijiji vyao. Sisi tupo shuleni Jumanne na Alhamisi asubuhi hata wakati wa vakansi. Mtoto aje na daftari lake, tutamsaidia namna ya kuandika majina ya milima na mito, na kama kalamu imekwisha, tunazo chache.