Ulipiga kidole upate unga, sasa unaambiwa wewe ni mkimbizi: Hii ndio stori ya data Garissa

Cheki hii. Umezaliwa Garissa, wazazi wako ni Wakenya. Unafika miaka 18, unaenda kuchukua kipande. Unaweka kidole, halafu unaambiwa rekodi zinasema wewe ni mkimbizi. Kwisha. Na bila kipande hausajili laini, M-Pesa ni ya kutumia jina la mtu, kura hakuna, kazi ndio usahau.

Hii si stori ya jaba. Maelfu ya wasee wa North Eastern wamejipata hapo.

Ilianzaje? Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991. Kiangazi kikipiga na mifugo kuisha, familia za Wakenya karibu na Ifo, Dagahaley na Hagadera zilijiandikisha kambini, kwa sababu huko kulikuwa na chakula, matibabu na shule. Wengine walikuwa watoto wameshikwa mkono na mama zao. Vidole vyao vikaingia kwa rekodi za wakimbizi za UNHCR. Baadaye serikali ikapata hizo rekodi, na ukienda kuomba kipande, vidole vyako vinalinganishwa nazo.

Shida iko hapo: data ilichukuliwa ya msosi, ikakuja kuamua nani ni Mkenya.

Na usidhani ni mambo ya Dadaab pekee. 2023, wasee walijaa KICC Nairobi kupigwa picha ya mboni na Worldcoin, wapate kitu kama thao saba. Serikali ikasimamisha hiyo maneno Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Huku ni unga, kule ni doo, lakini mtego ni ule ule: njaa haisomi masharti.

Poa ni kwamba sheria iko. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data ichukuliwe kwa sababu iliyo wazi. Uko na haki ya kuuliza wako na nini yako, na kutaka uongo urekebishwe. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Sheria imewapa siku 90 kumaliza uchunguzi.

Kwa hivyo mtu akikuambia "weka kidole hapa", uliza kwanza: ni ya nini, itakaa wapi, na nani mwingine ataiona? Simu iliyoibiwa utanunua ingine. Kidole je?