Ripudaman Singh wa Nabha: Alijiuzulu au Aliuzuliwa?

Kiswahili kinatenganisha kwa silabi moja mambo ambayo siasa hupenda kuyachanganya. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo chake. Kujiuzulu ni mtu kujiondoa mwenyewe. Mnamo Julai 1923, serikali ya Kiingereza katika Uhindi ilitangaza kwamba Maharaja Ripudaman Singh wa Nabha ameacha madaraka kwa hiari yake. Katika makala haya tunakusudia kuipima hiari hiyo.

Nabha ilikuwa dola ndogo ya Punjab, yenye eneo la kilomita za mraba 2,500 hivi, tena vipandevipande vilivyotawanyika kati ya ardhi za majirani. Watawala wake walikuwa Wajati, yaani watu wa jamii kubwa ya wakulima wa kaskazini ya Uhindi, na kwa dini walikuwa Masingasinga. (Neno hili la Kiswahili limetokana na jina Singh, walilokuja nalo mafundi na askari walioletwa Afrika Mashariki na Waingereza.) Nabha, Patiala na Jind zilitawaliwa na koo tatu zilizotokana na babu mmoja, Phul. Undugu huo haukuzuia ugomvi. Pengine ndio uliouchochea.

Tangu 1809 dola hizo zilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Maana ya ulinzi huo ilidhihirika mapema. Raja Devinder Singh aliposhukiwa kutowasaidia Waingereza katika vita vyao na dola ya Masingasinga ya Lahore, alivuliwa ufalme mwaka 1846 na robo ya ardhi yake ikatwaliwa. Mrithi wake aliwasaidia katika maasi ya 1857, akatuzwa ardhi. Kila mtoto wa kifalme wa Nabha aliikuta hesabu hiyo imekwisha kuandikwa.

Ripudaman Singh, aliyezaliwa mwaka 1883, hakuijali sana. Kati ya 1906 na 1908 alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Uhindi, na huko aliwasilisha mswada wa kuitambua ndoa ya Kisingasinga, uliopitishwa kuwa sheria mwaka 1909. Baba yake, Hira Singh, alipofariki mwishoni mwa 1911, yeye alishikilia kwamba kiti ni chake kwa urithi, na kwamba mjumbe wa serikali hana la kumpa asilokuwa nalo tayari. Mvutano juu ya sherehe ya kutawazwa uliendelea kwa miezi. Kwa macho ya leo waweza kuonekana ubishi wa itifaki tu. Lakini katika utawala ule itifaki ndiyo ilikuwa katiba. Hata idadi ya mizinga ya kumsalimia mfalme ilipangwa: Nabha 13, Patiala 17.

Ni Patiala iliyofungua mlango wa maangamizi. Maharaja Bhupinder Singh aliishtaki Nabha kwa kuwakamata na kuwabambikia kesi watu wake. Jaji Louis Stuart aliteuliwa kuchunguza, na mwaka 1923 akaona kwamba mashtaka mengi yalikuwa na msingi. Haifai kulificha jambo hilo: polisi na mahakama za Nabha zilitumika kama silaha ya ugomvi wa jamaa. Hata hivyo, mwaka 1930 mkutano wa raia wa dola za wafalme ulipotoa mashtaka mazito zaidi dhidi ya Bhupinder Singh mwenyewe, uchunguzi wa serikali ulimsafisha, naye akabaki kitini. Tofauti kati ya wawili hao haikuwa katika usafi wa mikono. Mmoja alikuwa rafiki thabiti wa dola ya Kiingereza. Mwingine aliwaunga mkono Waakali, wapigania mageuzi ya mahekalu ya Kisingasinga.

Kwa kuogopa hatua kali zaidi, Ripudaman Singh alitia sahihi na kuondoka kwenda Dehra Dun. Msimamizi Mwingereza akashika dola. Waakali hawakuikubali habari ya hiari. Huko Jaito, katika ardhi ya Nabha, polisi waliyakatiza masomo ya kitabu chao kitakatifu mnamo Septemba 1923, na tangu hapo makundi ya waumini yakawa yakienda huko bila silaha na kukamatwa. Jawaharlal Nehru, aliyekwenda kujionea, alitiwa pingu pamoja na mwenzake, akalazwa katika seli chafu yenye panya. Tarehe 21 Februari 1924 kundi la watu 500 lilipigwa risasi. Hesabu ya waliokufa iliyotolewa na serikali na ile ya Waakali hazikupatana kamwe. Mwaka 1925 masomo yaliruhusiwa, yakakamilishwa mara 101. Maharaja hakurudishwa.

Alipoendelea kudai haki yake, mnamo Februari 1928 alivuliwa cheo cha Maharaja, posho yake ikapunguzwa, naye akapelekwa Kodaikanal, katika milima ya kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwao. Alizuiliwa kwa Kanuni ya III ya 1818, ambayo haikudai kesi wala hukumu. Mwanawe Pratap Singh, angali mtoto, alitambuliwa kuwa mtawala mahali pake.

Mtu aliyejiuzulu kwa hiari hahitaji kulindwa asirudi. Ripudaman Singh alilindwa huko Kodaikanal mpaka alipofariki, Desemba 1942.